Kiti cha Tisa

Siku hizi kila bao tunalofungwa lazima lipatiwe sababu, na mashine ya ligi huja kuisoma sebuleni kwa mchezaji mwenyewe, mkewe akisikiliza. Eti uwazi!

Tuliketi mkekani, mimi na mume wangu Shomvi, beki wa kushoto.

"Dakika ya sabini na moja," mashine ikasema. "Mabeki wenzako walipanda ili mshambuliaji awe ofsaidi. Wewe ulibaki nyuma, akafunga. Ulikuwa ukitazama jukwaani, kiti cha tisa. Kiti kilikuwa kitupu."

Shomvi akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipokaa marehemu baba yake kila mechi, akimpigia kelele: "Panda, mwanangu, panda!"

"Kumbukumbu iliyoleta kosa itafutwa. Mke aweke kidole hapa kuridhia."

Nikakirudisha kidole changu kwenye khanga.

"Weka tu, Mama Zuhra," Shomvi akasema. "Wakinitema, tutaishije?"

Nikaweka.

Jumamosi hatukufungwa hata moja. Aliporudi, alisimama mbele ya picha iliyo ukutani, akaitazama weee, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Mama Zuhra, huyu mzee ni wa kwenu?"