Siku Mbili za Ziada

"Weka chini!"

Izza aliganda. Kilichokuwa mkononi mwake ni ndoo ndogo tu, tena maji hayajafika nusu. Mama mkwe wake, Bi Yamna, alikuwa ameshamnyang'anya.

"Mama, nimechoka kulala."

"Nani kasema ulale? Zunguka ua mara tatu, kunywa maji, rudi. Ndoo ndiyo si yako."

Ilikuwa siku ya nane tangu Izza apasuliwe hospitali ya mjini. Alishuka mlimani juu ya nyumbu, tumbo kubwa kama tikiti. Akarudi tumbo limenywea, mshono umeshuka kutoka kitovuni kwenda chini. Majirani walikuwa wakihesabu miezi kwa vidole tangu tumbo lile lilipochomoza. Mtu wa miaka arobaini na minne, wanawe watatu wana ndevu na wanafanya kazi mjini! Kisimani walicheka wakasema Mungu naye ana mzaha wake.

Siku aliporudi walikuja wote, kila mmoja na kichwa chake cha sukari, kile kigumu kilichochongoka, ndani ya karatasi ya buluu. Wakamkuta Izza amelala nyuma ya pazia. Juu, kwenye boriti, ilining'inia susu ya kulazia mtoto, ileile walimolelewa wanawe, imefunikwa kitambaa cheupe. Waliitupia jicho, kisha haraka wakatazama chini. Hakuna mwanamke wa mlimani anayegusa kitambaa hicho kabla ya arobaini. Jicho la mtu limeua wengi.

Basi wakagawana kazi, kama ilivyo desturi. Huyu maji, yule kufua, na Hniya, jirani wa ukuta mmoja, akashika unga na kuni. Mwanamke aliye ndani ya arobaini hata majivu hafagii.

Siku ya saba hapakuchinjwa kondoo. "Mwenye nyumba hayupo," alisema Bi Yamna, na ni kweli, Moha, mume wa Izza, alikuwa pwani akijenga nyumba za watu. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Hniya ndiye aliyekuwa hatulii.

"Mtulivu huyu!" alisema siku moja, mikono imejaa unga. "Wiki ya tatu hii, sijasikia hata kilio."

Bi Yamna akatupa chumvi motoni, ikapasuka. "Hniya! Ulimi huo!"

"Mungu anisamehe, sikusifu! Nimesema tu."

"Kanda mkate."

Hniya akakanda. Baada ya kitambo akaanza tena. "Na sukari yote ile mmeshaila? Siioni."

"Imehifadhiwa. Sisimizi wa nyumba hii hawana adabu, kama watu wengine."

Nyuma ya pazia Izza alicheka, akawahi kukumbatia mto na kuubana tumboni. "Mama, usinichekeshe, nakuomba. Mshono!"

Kesho yake Hniya alileta kuku aliyepikwa kwa dengu na uwatu. "Ammalize. Uwatu unaleta maziwa."

"Unaleta na nguvu," alijibu Bi Yamna, akaipokea sahani kwa mikono miwili.

Hniya alipotoka, Izza hakula. "Naona haya, Mama. Hniya ana mgongo mbovu, na kuni zangu anabeba yeye."

"Mimi nimemwomba? Kula paja hilo."

Hapo jirani yao Tuda akapita mlangoni na mzigo wake wa majani, ameinama upande mmoja kama kawaida yake. Bi Yamna aligeuza uso.

Mwaka juzi Tuda alitolewa uvimbe tumboni, hospitali ileile. Hakuletewa sukari wala kuku. Ugonjwa si uzazi, walisema, mtu mzima anadeka. Siku ya tisa akabeba kuni zake mwenyewe. Siku ya kumi mshono ukafumuka, wakamshusha mlimani usiku, usaha ukivuja mpaka kwenye tandiko la nyumbu. Alipona, kupona kwa namna ile. Na miongoni mwa wale ambao hawakumchotea hata birika moja la maji alikuwamo Bi Yamna.

Kila asubuhi bibi huyo alimpandisha Izza nguo, akauchungulia mshono kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Una wekundu? Una joto? Unatoa maji? Kisha kiganja kwenye paji la uso. Kisha, "Haya, ua mara nne leo."

Siku ya arobaini Hniya aligonga mlango jua halijapanda. "Imetimia! Tufunue!"

"Bado mbili."

"Mbili? Arobaini gani hiyo yenye siku arobaini na mbili?"

"Ya nyumba hii. Na kuni zimekwisha, mwanangu."

Hniya alikwenda kuni, akilaani njia nzima.

Siku ya arobaini na mbili chumba hakikuwa na pa kuweka mguu. Moha alikuwa amerudi, amekaa pembeni, anatazama viatu vyake. Hata Tuda aliitwa, akakalishwa kwenye mto mzuri kuliko wote. Izza akaingia wima, uso umenawiri, amebeba mwenyewe sinia ya shaba yenye birika na glasi ishirini. Akaitua bila kukunja uso.

"Sasa," alisema Bi Yamna.

Hniya akajisogeza mbele. Kitambaa cheupe kilivutwa. Ndani ya susu vililala vichwa kumi na kimoja vya sukari, bega kwa bega, karatasi zake safi, bila sisimizi hata mmoja.

"Kizazi cha Izza kilitolewa pamoja na uvimbe, na daktari alisema wiki sita asibebe kitu; leo zimetimia," alisema Bi Yamna, akichukua nyundo ya kuvunjia sukari. "Tuda, mwanangu, wewe chai yako unaipenda tamu?"