Mdomo wa Meya

Amenan alimpachika baba yake kipaza sauti kidogo chini ya mgolole, huku akijifanya anamfuta mate. Mzee Brou, Meya wa mji, alimtazama tu. Jicho lake la kulia lilitoka machozi, lakini jicho hilo lilikuwa hivyo tangu apate kiharusi, na watu walishazoea.

"Unafanya nini hapo, binti?" akauliza N'Dri, msemaji wa Meya, mkononi ameshika fimbo yake yenye kichwa cha dhahabu.

"Namfuta baba yangu. Au na hilo nikuombe ruhusa?"

"Haya, futa. Ukimaliza urudi Abidjan kwa mumeo. Si ndivyo alivyokwambia baba yako mwenyewe?"

Ndivyo alivyomwambia, kweli, kwa kinywa cha N'Dri. Mtu mkubwa hapayuki mbele za watu. Humnong'oneza msemaji wake, na neno halihesabiki kuwa neno mpaka msemaji alitamke. Tangu augue, sauti ya Meya ilikuwa imebaki pumzi, na N'Dri alikuwa hambanduki sikioni pake. Uchaguzi uliopita Amenan alipiga magoti kumsihi baba yake apumzike. N'Dri aliinama, akasikiliza, akamletea jibu: toka mbele yangu, wewe si mwanangu tena. Alitoka. Hakukanyaga tena nyumbani mpaka wiki hii, aliposikia kwamba mzee anagombea tena, naye hata uji analishwa kwa kijiko.

Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea. Alikuwa amemkasirikia baba yake, na alikuwa akimpenda vilevile, na hayo mawili hayakupikika chungu kimoja. Daktari alishaonya kwamba kampeni nyingine, na lile vumbi na jua la vijijini, itamuua. Kama kuambiwa hasikii, basi na aaibike. Fundi wa spika alikuwa amesoma na Amenan, na walishapatana. Mzee akiulizwa kama anagombea, fundi atawasha kile kipaza sauti, na ukumbi mzima utasikia kwamba Meya wao hana la kusema ila mihemo. Chama kitaona haya, kitafute mwingine. Baba atamchukia mpaka kaburini, lakini angalau kaburi litasubiri.

Ukumbi ulifurika. Akina mama wa chama walivaa vitenge vyenye sura ya Meya, ile ya zamani, yenye meno. Safu ya mbele walikaa wana wa N'Dri, wote waajiriwa wa halmashauri, kila mmoja kwa kipaji chake.

Bwana Tanoh, mjumbe wa chama kutoka Abidjan, akasimama na kuinama kwa heshima.

"Nanan, mzee wetu mtukufu, watu wako wanakulilia. Mji huu bila wewe ni yatima. Je, unakubali kutuongoza tena?"

N'Dri akatega sikio kwenye midomo ya mzee. Amenan akamkonyeza fundi.

Spika zikakoroma, kisha ikatoka sauti nyembamba, ya kukatikakatika, lakini kila neno lilisikika mpaka kwa waliosimama mlangoni.

"N'Dri, sitaki. Nikwambie mara ngapi? Nimechoka, bwana we. Niitie Amenan. Kila siku nakutuma umwite, mbona haji? Mwambie anisamehe, aje anichukue."

Mtu mmoja alikohoa, akajuta. Amenan aliinuka kwenye kiti, akaanza kupenya kuelekea mbele, akikanyaga miguu ya watu bila kuomba radhi.

N'Dri hakuwa na haraka. Alijinyoosha, akaurekebisha mgolole wake begani, akagonga fimbo sakafuni.

"Meya anasema," akatangaza, "amekubali."

Bwana Tanoh ndiye aliyeanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele vikapasua paa, na kabla Amenan hajamfikia baba yake, akina mama wa chama walikuwa wameshamzingira yeye binti, wakimkumbatia na kumpa hongera.