Biri ya Fundi Sosteni

Shemeji yake, Kamili, alirudi safari na biri moja nene, akampa Fundi Sosteni aionje mbele ya wote pale baa ya mtaani. Kwa tumbaku, hakuna aliyewahi kubishana na fundi.

"Haya, jaji. Kali au maji?"

Sosteni akavuta, akafumba macho. "Laini. Haikwaruzi koo. Ina utamu wa mbali, kama karanga za kukaanga."

Wakapiga meza kwa kicheko. Leokadia, mhudumu wa baa, hakucheka. Alijua ugonjwa wa sukari umeshaua hisia za vidole vya fundi. Juzi tu sindano ya cherehani ilimtoboa, kitambaa kikalowa damu, yeye anashona tu. Na daktari alishamwambia kidonda kimoja kitamaliza mkono.

"Fundi, iweke kwenye kisahani bwana."

"Niache, mama. Biri unaijua mwishoni."

Akaendelea kuvuta, macho kayafumba, moto ukirudi nyuma polepole.

"Mnaona? Sasa inabadilika," akasema kwa raha. "Inaleta kitu kama nyama choma."

Kamili akageuka kutazama jikoni. Siku hiyo jiko la nyama halikuwashwa.

"Shemeji, mkono! Angalia mkono!"

Leokadia alishatoka mbio na jagi la maji, viti vinaanguka. Sosteni akainua kiganja kuwatuliza, wasimharibie ladha. Katikati ya vidole vyake moshi ulikuwa unapanda kwa nyuzi mbili.