Kamera Isiyo na Kitufe

Siku hizi kamera haina kitufe. Huvaliwa kifuani, na hupiga picha yenyewe pale moyo wa aliyeivaa unapokwenda mbio.

Mume wangu Shomvi ni mpiga picha wa maonyesho ya taarabu. Juzi alirudi na picha arobaini, zote za Raya, yule mpiga fidla.

"Na mwimbaji je?" nikamuuliza.

"Upande wake kulikuwa na giza, mke wangu."

Nikavaa gauni langu la harusi, nikamvalisha kamera, nikasimama mbele yake. Tukangoja mpaka chai ikapoa.

"Betri imekwisha," akasema.

Hapo jirani akafungua redio. Fidla ikalia, na kamera ikanipiga picha.

Nimeitundika sebuleni. Wageni wakiiona husema, "Shoga, mumeo anakupenda!"