Pua ya Ndege

Mkwe wangu aliiweka mezani ndege yake ya plastiki, jeti ya kivita yenye urefu wa mkono wangu, kisha akawageukia wageni wake wa kazini. Nyuma yake, pua ya ndege ikaanza kuinuka.

Binti yangu aliwahi. Aliweka kidole kimoja juu ya pua, ndege ikatulia. Hakuna aliyeona ila mimi.

Miezi saba mkwe wangu alikuwa akiunganisha vipande vyake kwa gundi na kuvipaka rangi, na sisi tukinyata ndani ya nyumba kama wezi, tusimsumbue. Binti yangu ndiye aliyemsomea maelekezo: lazima kitiwe kitu kizito puani kabla ya kuifunga, la sivyo itakalia mkia kama mbwa.

"Wewe jua sufuria zako," alimjibu mkewe, mbele yangu. 

Sasa alikuwa ametanua kifua. "Nimeiunda peke yangu. Humu ndani, nani ataelewa mambo haya?"

Wageni wakacheka kidogo, kwa adabu. Kidole cha binti yangu hakikutikisika. Ukucha wake ulikuwa bado na doa la kijivu, maana kila jioni alimwoshea brashi zake bila kuombwa.

Bwana mkubwa, mkwe wangu, akageuka akakiona kidole.

"Toa mkono! Utaniharibia rangi! Mama, hebu mwambie mwanao."

"Mwanangu," nikasema kwa upole, "mumeo amesema utoe mkono."

Akanitazama. Akautoa.