Chumvi Kisimani

Mama Pacha alikata uzi wa gunia la mwisho la chumvi, akalimimina lote ndani ya kisima chake mwenyewe. Wifi yake alishika mdomo.

"Wifi, kisima cha baba hiki! Sasa tutakunywa nini?"

"Tutachota kwa jirani mpaka mvua ziyasafishe. Hao watu wakiyapenda maji yetu, ndiyo basi tena."

Hofu yake haikuwa ya bure. Ng'ambo ya kilima, kampuni ya mboga ilifungua shamba la kulisha mji mzima, na pampu zake zikanyonya mpaka visima vya watu vikabaki vumbi. Sasa watu wa kampuni walikuwa wakipima maji upande huu, nyumba kwa nyumba. Bustani ya Mama Pacha, iliyolisha pacha wake na nusu ya mtaa, ilitegemea kisima hiki kimoja. Lakini mboga gani huota kwa maji ya chumvi? Alijipongeza kimoyomoyo kwa ujanja wake.

Gari jeupe lilifika kabla hajakunja magunia. Aliyasukuma chini ya kuni. Mpimaji alishuka na chupa zake, uso kaukunja.

"Karibu, baba. Kwa jirani vipi, yanafaa?"

"Matamu," alijibu kwa unyonge. "Huku kote matamu tu. Tumezunguka mpaka tumechoka."

"Yetu mabaya tangu zamani. Hata mbuzi hayagusi."

Mpimaji alimtazama vizuri. "Hamyanywi kabisa?"

"Thubutu! Muulize wifi yangu."

Wifi aliitikia kwa kichwa, macho chini. Mama Pacha alimfinya kwa siri.

Mpimaji alichota, akaonja kwa ncha ya kidole, akatema pembeni. Akachota tena, akachovya kipimo chake, akakikodolea macho kwa muda mrefu. Mama Pacha alitamani wafunge milango ya gari lao waondoke, wasirudi tena.

Mpimaji aligeuka, uso umechanua.

"Asante sana, mama, umetuokoa. Maji ya kulimia tunayo tele. Tulichokosa ni pa kumwaga maji machafu ya dawa za shambani, maana sheria inakataza penye kisima kinachonywewa." Akampungia dereva. "Waambie walete mabomba!"