Majani ya Mkorosho

Tunu alimwogopa kinyonga tangu utotoni, lakini baba yake, aliyekwisha kupofuka, hakuwa na mwenzi mchana kutwa ila kinyonga wake. Kwa hiyo Tunu alimtengenezea mnyama huyo sanduku la kioo: kokoto chini, udongo mweusi, mche mmoja, na juu majani makavu aliyoyazoa chini ya mikorosho ya jirani. Akamhamishia humo kwa kijiti, mkono ukiwa mbali.

Mwisho akamwaga wadudu wa chini ya mawe, wale wanaojikunja kama gololi, wawe wanakula kinyesi na uozo. Alitegemea wazame kwenye majani. Hawakuzama. Walikimbilia kioo, wakaanguka chali, miguu ikitapatapa.

"Mbona kimya, mwanangu?" baba aliuliza kitini.

Tunu aliokota jani, akalinusa. Salfa, ile dawa ya ukungu! Jirani alipulizia mikorosho yake juzi, na yeye aliisikia ile mashine ikinguruma. Kinyonga alikuwa ameshateremka, tumbo juu ya majani, mweusi kama mkaa. Alipomsogezea kijiti, hakukishika.

Akafumba macho, akatia mkono mtupu, akamnyakua.

Vidole vya baridi vikamng'ang'ania kidole. Nywele zilimsimama, lakini hakumtupa.

"Tunu, ana rangi gani sasa?"

Alifumbua macho. Kinyonga alikuwa bado mweusi; jicho lake moja lilimwelekea baba, la pili lilimtazama yeye.

"Kijani, baba," alijibu, huku akikikaza kidole chake, kwa maana ule mshiko wa kinyonga ulikuwa umeanza kulegea.